Ombi la Kumzuia Mjukuu Wangu Asiitwe Denis

Kijiji cha Kavaklı
(kwenye ramani yenu: Topolka)
Jumatano, 14 Machi 2012

Kwa Bi. Kalaidjieva,
Msajili wa Vizazi na Vifo,
Halmashauri ya Mji wa Slivarka.

Ndugu Msajili,

Natumaini mguu wako ulioteguka kwenye barafu umepona, na kwamba mhuri wa ofisi bado una wino. Sisi huku hatujambo, ukiondoa hayo nitakayoyaeleza.

Naitwa Satılmış, mwana wa Ismail, mkulima wa tumbaku, umri miaka sitini na mmoja. Unanijua. Ni yule mzee uliyemrudisha nyumbani mara tatu mwezi Januari kwa sababu ya picha ya kitambulisho aliyopiga akiwa amevaa kofia. Leo siandiki kuhusu kofia. Ijumaa hii, saa nne asubuhi, mwanangu Orhan na mkewe Gülten watakuja ofisini kwako kumwandikisha mtoto wao wa kiume aliyezaliwa Jumapili. Watakuambia anaitwa Denis. Nakuomba kwa heshima zote ukatae. Sema wino umekwisha, sema kompyuta imegoma, sema mwenye ufunguo yuko likizo, yaani tuambie yale mnayotuambia siku zote. Wakishachoka kusubiri, andika jina lake halisi, ambalo ni langu: Satılmış.

Kwa asiyejua lugha yetu, jina hilo maana yake ni Aliyeuzwa. Wala si maneno ya kupamba. Niliuzwa kweli, nikiwa na umri wa siku tatu, kupitia dirisha la jikoni, kwa ungo mmoja wa pumba za ngano. Mama yangu alikuwa amekwisha kuzika watoto watatu, wote wachanga. Baba akafanya kile ambacho watu wa milima hii hufanya wakichoka kuchimba makaburi madogo: akamtafuta mwanamke ambaye watoto wake wote wako hai, akampitishia mtoto dirishani, akapokea ungo, akafunga dirisha. Mwanamke huyo ni jirani yetu Bibi Rada, Mbulgaria, Mkristo, ambaye leo ana miaka themanini na sita na bado ananisimanga kwamba nilikuwa mzito. Mauti yalipokuja nyumbani kumtafuta mtoto wa Ismail yalikuta Ismail hana mtoto. Alikuwa na pumba tu.

Basi, jina limefanya kazi miaka sitini na mmoja bila kukarabatiwa. Yafuatayo ni malalamiko yangu.

LA KWANZA. Mwezi Januari mwaka 1985, serikali ya wakati ule iligundua kwamba sisi Waturuki wa Bulgaria hatupo na kwamba hatujawahi kuwapo. Tulipangwa foleni kwenye theluji mbele ya shule, askari wakiwa na bunduki, ili tukapewe majina ya Kibulgaria. Ndani alikuwepo Ndugu Chobanov, ofisa wa serikali, na mbele yake orodha.

"Chagua," akaniambia. "Herufi ya S ina majina kumi na manne."

"Mimi nina jina tayari, Ndugu."

"Hilo limekwisha. Chagua upesi, wenzako wanaganda huko nje."

"Basi nipe la kwako, naona limekukaa vizuri."

Hakucheka. Akaniandika Svetlin, yaani Mng'avu. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye banda la mbuzi, na kila mtu chumbani humo alikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba jina hilo halinifai. Lakini hebu tazama, Bi. Kalaidjieva, jina la yule bwana. Choban ni neno letu, maana yake mchunga kondoo. Alikuja kunivua jina la Kituruki akiwa yeye mwenyewe amevaa jina la Kituruki, tena amelifunga vifungo vyote hadi shingoni.

Mke wangu Nazife aliandikwa Nadezhda. Kwa miaka minne hakuniita Svetlin kwa sababu alikataa, wala hakuniita Satılmış kwa sababu kuta zilikuwa na masikio. Aliniita "wewe". Aliona ni rahisi, na hajaacha mpaka leo.

LA PILI. Kiangazi cha mwaka 1989 tukafunguliwa mpaka na kuambiwa kama hatupendi, twende kwa wenzetu. Tukaenda Bursa, huko Uturuki, friji juu ya gari, Nazife akiwa amepakata mtungi wa kachumbari ya kabichi safari nzima. Nikafika ofisi ya uhamiaji nikiwa na furaha kama bwana harusi, kwamba sasa nitalisema jina langu kwa sauti mbele ya mtu mwenye mhuri. Nikalisema. Kijana wa pale, mwenye tai, akainua macho.

"Satılmış? Mjomba, bado kuna watu wanaitwa hivi?"

"Mimi hapa."

Akawaita wenzake. "Njooni mumwone Satılmış wa kweli! Nilidhani wamekwisha!" Kisha akaniinamia kwa upole, na upole wake ndio uliouma zaidi. "Mjomba, huku hilo ni jina la mchunga mbuzi wa zama za babu yangu. Tukuandike Serkan? Ni la kisasa."

Kwa hiyo upande mmoja wa mpaka jina langu lilikuwa la Kituruki kupita kiasi, na upande wa pili lilikuwa la Kituruki lililochakaa. Tulikaa mwaka mmoja, tukarudi. Nazife huwaambia watu tulirudi kwa sababu nyanya za kule hazina ladha.

LA TATU. Mwaka 1991 nilirudishiwa jina langu kwa fomu. Nawashukuru. Lakini mwaka ule wa theluji waliwabadilisha majina hata waliokufa, ili mababu zetu nao wawe wameishi maisha yao yote kimakosa. Baba yangu Ismail, aliyefariki mwaka 1977, aliandikwa Iliya. Nilipoomba naye arudishiwe lake, ofisi yenu (si wewe, ni aliyekutangulia) ilinijibu kwamba ombi la kurudishiwa jina hutiwa saini na mwenye jina. Nikasema mwenye jina yuko makaburini tangu miaka kumi na minne iliyopita. Nikajibiwa kwamba jengo lina mlango mmoja tu na saa za kazi ni zile zile kwa kila raia. Kwa hiyo mpaka leo kwenye vyeti vyangu mimi ni Satılmış mwana wa Iliya, mtu ambaye hajawahi kuwapo, na ambaye kwa maoni yangu asingeweza kulea hata kuku.

LA NNE. Denis. Gülten amerudi kutoka Stuttgart, anakofanya kazi ya uuguzi, ili ajifungulie karibu na Nazife. Jumatatu walipotoka hospitali tulikula mkate wa jibini, nikauliza kwa adabu kabisa ni lini mtoto atatangazwa kuwa Satılmış, kwa kuwa mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu, na hilo hata mbuzi wanalijua.

"Baba, tumeamua Denis," akasema Orhan. "Linapita kila mpaka. Mjerumani analitamka, Mbulgaria analitamka, Mturuki analitamka."

"Hata mbwa wa fundi baiskeli analitamka," nikamwambia, "maana naye anaitwa hivyo."

Sisemi uongo. Kijiji hiki kina nyumba arobaini na Denis saba. Ukisimama dukani ukaita jina hilo, wanageuka watoto saba na mbwa mmoja. Zamani tulikuwa na Durmuş, yaani Amebaki. Yaşar, yaani Anaishi. Dursun, yaani Na Abaki. Ukipita kijijini ukiwasalimu wanaume kwa majina ulikuwa unasikia dua za mama zao zote. Sasa nikipita najisikia niko kwenye kituo cha treni.

Gülten akaweka uma chini. "Baba, unataka mwanangu aende shule Stuttgart akiitwa Aliyeuzwa?"

"Wajerumani hawajui maana yake."

"Waturuki wa Stuttgart wanajua. Watamuuliza bei kila siku."

Nikaenda kulisha mbuzi.

LA TANO lilimhusu mke wangu na msimamo aliouchukua mezani siku hiyo. Limefutwa kwa sababu ameisoma barua hii.

LA SITA. Jirani yangu, mwana wa Bibi Rada, anaitwa Prodan. Prodan kwa Kibulgaria maana yake ni Aliyeuzwa. Alirithi kwa babu yake, ambaye naye alipitishwa dirishani akiwa mchanga, na aliyemnunua alikuwa bibi mmoja wa Kituruki wa kijiji hiki hiki. Wao wana Stoyan kama sisi tulivyo na Durmuş, na Zhivko kama sisi tulivyo na Yaşar. Wazazi wao na wazazi wetu walikuwa wakiyaogopa mauti yale yale, kwa lugha mbili. Sasa niambie, mwaka ule wa foleni kuna askari aliyempelekea Prodan orodha? Hakuna. Na mjukuu wake anaitwa nani? Prodan. Ni golikipa wa timu ya wilaya, kijana mrefu, afya tele. Kila Jumapili jirani yangu hunikaribisha rakia, pombe kali ya plamu aliyoipika mwenyewe (mimi huonja tu, kwa ajili ya ujirani) na kunisimulia mabao aliyookoa Prodan mdogo. Nasikiliza. Nimesikiliza miaka mitatu.

LA SABA, ambalo pia ni dai. Ikiwa jina langu halimfai hata mtoto mmoja, basi maneno yetu yote mliyoyaazima kwenye majina yenu yarudishwe. Natoa muda mpaka tarehe sita Mei, siku ambayo nyinyi huchinja kondoo wa Mtakatifu George na sisi huchinja kondoo huyo huyo tukimwita mtakatifu huyo Hızır. Ndugu Chobanov, ambaye siku hizi anafuga nyuki, arudishe kondoo wetu. Meya wetu, Bwana Karabashev, arudishe Kichwa Cheusi. Tena ana upara, hana anachokitumia. Mgiriki anayenunua tumbaku yetu, Karakostas, arudishe kara, yaani weusi, abaki Kostas tu. Dereva Mserbia wa basi la Jumanne, Kuyundjich, arudishe usonara. Nawe, Bi. Kalaidjieva, samahani sana, lakini kalaidji ni mtia bati sufuria, na ni neno letu. Ukilirudisha utabaki na herufi tatu, nami sijui utatia saini vipi kwa herufi tatu. Kati ya madiwani wetu kumi na saba, kumi na mmoja watakosa jina la ukoo. Vikao vya halmashauri itabidi viitishwe kwa kupiga miluzi.

Hilo likishindikana, niko tayari kwa suluhu: mtoto mmoja tu aitwe Satılmış, na wote mliobaki mkae na mali yetu kwa amani.

Hapa nilikuwa nimepanga kufunga barua. Lakini nimekaa na kalamu hii kwa muda, na sitaki ufikiri kwamba mimi ni mzee mwenye kiburi tu. Kiburi ninacho, ila sicho kilichoniandikisha barua.

Miaka miwili iliyopita Orhan na Gülten walipata mtoto huko Stuttgart. Wakamwita Kenan. Mimi nilikubali. Nilisema ni jina zuri, liko mpaka kwenye televisheni, nikajisifu mgahawani kwamba mimi ni babu wa kisasa. Kenan aliishi siku tatu. Amezikwa kule, karibu na barabara kubwa, nami kaburi lake nimeliona kwenye simu tu. Gülten hajawahi kunilaumu, wala hakuna wa kulaumiwa, daktari alieleza kwa urefu na Orhan akanitafsiria kila neno. Lakini mimi nafahamu nilichokuwa nacho mfukoni siku ile na sikukitoa.

Huyu wa sasa leo Jumatano ana siku tatu. Tangu asubuhi nimekaa nje ya mlango wao nikijifanya natengeneza kiti. Kiti hakina ubovu wowote. Naogopa, Bi. Kalaidjieva. Naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye ile foleni. Sina kitu kingine cha kumpa mtoto huyu zaidi ya neno moja ambalo limejaribiwa na limethibitika, na wao wanaona aibu kulivaa.

Kwa hiyo, Ijumaa, saa nne: wino umekwisha.

Nakuomba uwasalimie mume wako na mgongo wake, watoto wako watatu niliowaona wakiteleza kwenye barafu pale bwawani, meya (usimwonyeshe la saba), yule mlinzi wa mlangoni asiyependa kofia, na wote wa ofisi yako, wakiwemo walio likizo na funguo.

Mimi mwenye kukuheshimu, na mwenye jina langu kwa sasa,

Satılmış, mwana wa Ismail
(kwa muda fulani Svetlin, mwana wa Iliya)

Nyongeza, Alhamisi asubuhi. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Nikaona itakuwa na nguvu zaidi ikiwa na saini ya shahidi, nikaipeleka kwa Bibi Rada. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo nilimsomea yote. Alicheka tulipofika kwenye kichwa cha meya mpaka mwanawe Prodan akaja kuangalia kama anakufa. Kisha akakataa kutia saini.

"Satılmış mwanangu, wewe ni mjinga."

"Bibi, nina miaka sitini na mmoja."

"Basi mjinga mzee. Unadhani jina ndilo lililokuweka hai? Jina ni risiti. Baba yako alikuandikisha lini?"

"Barabara ilipofunguka. Nilikuwa na miezi mitatu."

"Na miezi yote mitatu hukuwa na jina hata la dawa. Mimi nilikuwa nakuita Kifurushi. Ulikufa?"

"Hapana, Bibi."

"Haya. Kilichokuokoa ni dirisha. Yule mtoto wa kule Ujerumani mlimuuza?"

"Hatukumuuza."

"Na huyu?"

Nikaanza kuirudisha barua kwenye bahasha. Akanipiga goti kwa fimbo yake. "Unaandika barua kurasa tano kudai risiti, na biashara yenyewe hujaifanya! Nenda nyumbani. Muite Denis, muite Kijiko, mimi hainihusu. Lakini muuzeni."

Nilirudi nimeinamisha kichwa. Mkaza mwanangu alikuwa jikoni, mtoto begani. Nilimweleza yote nikiwa nimejiandaa kuchekwa, maana ni muuguzi, hospitali yake ina mashine za kupima hata pumzi. Hakucheka. Alimtazama mtoto, halafu akauliza, "Dirisha lipi, Baba?"

"Hili hapa la jikoni. Ndilo nililopita mimi."

"Linafunguka? Limepakwa rangi mpaka kwenye bawaba."

Orhan alitoa kisu kwenye droo akaanza kukwangua rangi ya fremu, na mpaka naandika maneno haya bado anakwangua.

Kwa hiyo, Ndugu Msajili, nafuta la kwanza hadi la saba. Meya akae na kichwa chake, nawe ukae na sufuria zako. La tatu tu silifuti, kwa sababu baba yangu hajawahi kuwa Iliya. Ijumaa saa nne andika Denis, kwa wino mzuri.

Ila mikono ya Bibi Rada sasa inatetemeka, hawezi kumshika mtoto, na mnunuzi ni lazima awe mwanamke ambaye watoto wake wote wako hai. Nimesema niliwaona wako watatu pale bwawani. Nakuomba, kabla hujafungua ofisi, upite kwetu kwenye saa mbili, uzunguke nyuma ya nyumba, usimame chini ya dirisha la jikoni. Uje na ungo wa pumba, na ziwe za nyumbani kwako, si za kuazima. Bei haijapanda tangu mwaka 1951. Usigonge mlango. Dirisha tutakuwa tumeliacha wazi tangu alfajiri, hata theluji ikiingia.